Anayenunua kwa Fedha ya Watu Wote

Kila mkatekumeni amekwisha kufundishwa kwamba mwizi hutenda dhambi, na kwamba mtu anayepokea mali ya wizi, akijua, hushiriki dhambi ile. Lakini liko swali jingine, gumu kidogo, ambalo watu wengi hawajiulizi. Mtu akinunua kitu kwa bei ndogo, na bei ile ni ndogo kwa sababu waliokifanya walinyimwa haki yao, je, mnunuzi naye ana sehemu katika kosa? Na kama mnunuzi si mtu mmoja, bali ni serikali inayonunua kwa fedha ya kodi, je, ina ruhusa ya kutazama bei peke yake?

Mfano wa matofali

Iwe mfano hivi. Baraza la kijiji kimoja limekusanya fedha ya kujenga shule. Yanahitajiwa matofali ya kuchoma 20,000. Wachoma matofali wawili wanaleta bei zao. Wa kwanza anataka faranga 150 kwa tofali moja, wa pili anataka 110. Matofali yenyewe yanafanana. Udongo umetoka bonde moja, moto ni wa namna moja, uzito ni mmoja. Ukiyapanga pamoja, hakuna awezaye kuyatofautisha. Kwa bei ya yule wa pili baraza litabakiza faranga 800,000, nazo zingesaidia kununua mabati ya paa.

Basi mzee mmoja anauliza: «Huyu anawezaje kupunguza bei namna hii?» Jibu linapatikana upesi, maana kijiji hakina siri. Mchomaji wa kwanza anawalipa vijana wake kila juma. Wa pili hajalipa mtu tangu miezi miwili. Kila jioni kapita wake anawaambia: «Kesho.» Na wanaobeba udongo wake ni watoto walioacha darasa. Kumbe zile faranga 40 zilizopunguzwa kwa kila tofali hazikutoka katika ufundi wake wala katika bidii yake. Zimetoka katika chakula cha vijana na katika masomo ya watoto. Na matofali hayo ndiyo yanayotakiwa kujenga shule.

Ndani ya baraza watu wanagawanyika. Mmoja anasema: «Sisi tunanunua matofali, hatununui maisha ya mwenye tanuru. Akiwadhulumu watu wake, wao waende kwa hakimu. Wajibu wetu ni kulinda fedha ya kijiji.» Mwingine anajibu: «Baba za vijana wale nao wametoa fedha hii. Je, tuwatoze baba, halafu tumlipe anayewadhulumu wana wao?»

Hakuna mpumbavu kati ya hao wawili. Wa kwanza anaogopa kutapanya mali isiyo yake, na hofu hiyo ni njema. Wa pili anaogopa kuitumia mali hiyo kwa udhalimu, na hofu hiyo ni njema vilevile. Yafaa kuchungua kila moja ina uzito gani.

Kwa nini mnunuzi huyu si kama wengine

Mama anayekwenda sokoni na fedha kidogo, akatafuta chumvi ya bei nafuu, hawezi kupeleleza chumvi ile ilichimbwa na nani na kwa mshahara gani. Hana nafasi, hana njia, na watoto wanamngoja. Mungu hamdai mtu jambo lisilowezekana.

Lakini serikali si kama mama huyo. Kwanza, fedha yake si yake. Ni fedha ya wote, hata ya mchukuzi wa udongo, na anayeshika mali ya wote hana haki ya kuitumia kumwonea mmoja wao. Pili, serikali hununua vingi: barabara, madaraja, dawa, nguo za askari, viti vya shule. Mnunuzi mkubwa hivi akitazama bei peke yake, anawavuta wauzaji wote washindane kushusha mishahara, na mwajiri mwema anashindwa kwa sababu ya wema wake. Tatu, serikali ndiyo inayoweka sheria. Kama kwa mkono mmoja inaandika kwamba mtoto asifanyizwe kazi ya nguvu, na kwa mkono mwingine inamlipa anayemfanyiza kazi hiyo, watu wataamini mkono upi? Wataamini ule unaotoa fedha.

Kanisa limefundisha siku zote kwamba kumnyima mfanyakazi mshahara wake ni moja ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Mtume Yakobo aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wa mashamba yao. Katika mwaka wa 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika barua juu ya hali ya wafanyakazi. Humo alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, maana mtu mwenye njaa hukubali lolote. Na katika mwaka wa 2009 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikumbusha kwamba hata tendo la kununua lina wema au ubaya wake, wala si hesabu ya fedha tu.

Njia waliyopita mataifa

Mwaka ule ule wa 1891, katika mwezi wa Februari, Bunge la Uingereza lilikata shauri juu ya jambo hili. Siku zile watu wengi wa London walishona nguo katika vyumba vidogo, saa nyingi, kwa ujira usioweza kumlisha mtu. Hata nguo za askari wa serikali zilipita katika mikono ya watu hao. Mkubwa alipokea kazi, akampa mdogo, naye akampa mdogo zaidi, na kila mmoja alikata sehemu yake, hata mshonaji akabaki na makombo. Bunge likaamua kwamba tangu siku ile kila mkataba wa serikali uwazuie wenye kazi wasiigawe kazi ovyo kwa namna ile, na serikali ijitahidi wafanyakazi wapewe mshahara unaokubalika kwa kawaida katika kazi yao.

Fikara hiyo ilienea. Tarehe 29 Juni 1949, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano yanayohesabiwa kuwa ya 94. Mafundisho yake ni mepesi kufahamika. Anayefanya kazi kwa mkataba wa serikali asipewe mshahara, wala saa za kazi, wala hali ya kazi iliyo mbaya kuliko ile iliyowekwa kwa kazi ya namna hiyo katika eneo lile. Sharti hilo limfunge pia yule aliyegawiwa sehemu ya kazi na mwenye mkataba. Tangazo libandikwe mahali pa kazi, ili wafanyakazi wajue haki yao. Wawepo wakaguzi. Na mwenye mkataba akivunja sharti, serikali yaweza kumnyima mikataba, au kuzuia malipo yake ili wafanyakazi wapate kwanza kilicho chao.

Kongo iliyakubali mapatano hayo katika mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru wake. Tena tarehe 27 Aprili 2010 ilitoa sheria juu ya mikataba ya umma, inayotaka kwa kawaida kazi za serikali zitangazwe wazi, wauzaji washindane, na mshindi achaguliwe kwa masharti yanayojulikana. Shindano hilo la kuleta bei na masharti ndilo linaloitwa zabuni.

Lakini isidhaniwe kwamba njia hii imenyooka bila kurudi nyuma. Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa walimu wa kwanza, ilijitoa katika mapatano ya Geneva katika mwaka wa 1982, na mwaka uliofuata ikafuta lile azimio la mishahara. Waliofanya hivyo walisema kwamba mishahara yafaa kuachiwa mapatano ya soko. Kumbe swali la wazee wa kijiji ni lile lile linaloyagawa mataifa makubwa.

Kesi ya kahawa ya Uholanzi

Katika miaka ya karibuni kesi moja imelitia swali hili nuru nyingi. Ni kesi ya kahawa, nayo yafaa isimuliwe kwa utaratibu.

Katika nchi ya Mexico, jimbo la Oaxaca, padri mmoja Mholanzi, Frans van der Hoff, aliishi na kufanya kazi pamoja na wakulima wa kahawa. Aliona jinsi wachuuzi walivyowapa bei ya kuwadhili, kwa kuwa mkulima hakuwa na njia nyingine ya kufikisha mzigo wake mbali. Wakulima wakaunda chama cha ushirika. Katika mwaka wa 1988 padri huyo na mwenzake Nico Roozen walianzisha huko Uholanzi alama iitwayo Max Havelaar. Kahawa yenye alama hiyo ni kahawa ambayo mkulima amehakikishiwa bei isiyoshuka chini ya kiasi fulani. Jina lenyewe ni la kitabu cha mwaka wa 1860 kilichofunua mateso ya watu wa kisiwa cha Java chini ya utawala wa Waholanzi. Kandokando ya ziwa Kivu pia vipo vyama vya wakulima wa kahawa vilivyopata alama ya namna hiyo.

Basi katika mwaka wa 2008 serikali ya jimbo la Noord-Holland ilitangaza zabuni ya mashine za kahawa na chai kwa ofisi zake. Ilitaka makarani wake wasinywe kahawa iliyomwacha mkulima na njaa. Nia yao ilikuwa njema. Wakaandika kwamba muuzaji atakayeleta kahawa yenye alama ya Max Havelaar, au alama nyingine iitwayo EKO, ya kilimo kisichotumia dawa za viwandani, atapata hesabu ya juu zaidi katika shindano. Tena wakataka kila muuzaji awe mtu anayefanya biashara kwa moyo wa kujali watu na nchi.

Wakubwa wa Umoja wa Ulaya waliipeleka Uholanzi mbele ya Mahakama ya Umoja huo iliyoko Luxembourg. Hukumu ilitolewa tarehe 10 Mei 2012, nayo ina pande mbili.

Upande wa kwanza: mahakama ilikubali kwamba mnunuzi wa serikali ana ruhusa ya kutazama jinsi kitu kilivyopatikana, hata kama jambo hilo halionekani wala halionjwi katika kitu chenyewe. Kahawa iliyolipiwa kwa haki na kahawa ya dhuluma zaweza kuwa na ladha moja, kama vile matofali ya mfano yalivyokuwa na uzito mmoja. Hata hivyo si kitu kimoja mbele ya mnunuzi.

Upande wa pili: mahakama iliona kosa katika namna jimbo lilivyofanya. Lilitaja jina la alama bila kueleza masharti yaliyo nyuma ya alama ile, wala halikuruhusu njia nyingine ya kuthibitisha. Hivyo muuzaji mwaminifu aliyenunua kahawa yake kwa haki, lakini hana alama ile, angeshindwa bure. Tena yale maneno juu ya kujali watu na nchi yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa na mipaka. Hakuna muuzaji aliyeweza kujua kwa hakika anadaiwa nini.

Baada ya hapo, tarehe 26 Februari 2014, Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mpya juu ya manunuzi ya serikali. Kwa sheria hiyo mnunuzi aweza kudai alama, kama masharti yake ni wazi na yanahusu kitu kinachonunuliwa, lakini lazima aikubali alama nyingine iliyo sawa nayo. Na kama bei ya mtu ni ya chini mno, lazima kwanza aulizwe sababu. Ikiwa sababu ni kuvunja sheria za kazi, au kuwafanyiza watoto kazi, bei hiyo lazima ikataliwe.

Nia njema peke yake haitoshi

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Mtu aweza kudhani kwamba penye nia njema hakuna haja ya masharti mengi. Sivyo. Neno zuri lisilo na kipimo ni mlango wazi kwa mpendeleo. Mkubwa akiandika tu kwamba atamchagua «mwema», basi kesho mwema atakuwa shemeji yake, na kesho kutwa atakuwa yule aliyempelekea mbuzi usiku. Wala mshindwa hataweza kulalamika, kwa kuwa hakuna sharti lililovunjwa. Kwa hiyo anayetaka kumtetea mfanyakazi kwa njia ya manunuzi amfanyie haki na muuzaji pia. Aseme mapema anachotaka, akiseme kwa wote, na aeleze jinsi kitakavyopimwa.

Liko na jambo jingine la kuangaliwa. Alama na vyeti vina gharama. Fundi mdogo anayewalipa vijana wake vizuri aweza kukosa karatasi, na tajiri mwenye karatasi nyingi aweza kukosa haki. Basi mnunuzi asikinge macho yake kwa karatasi. Akubali ushahidi wa kweli: daftari la mishahara, maneno ya wafanyakazi wenyewe, macho ya mkaguzi aliyefika mahali pa kazi.

Tena mnunuzi ajichungue mwenyewe. Serikali inayodai mishahara ilipwe kila mwezi, nayo inamlipa mwenye mkataba baada ya mwaka, inamfundisha kudhulumu. Na baraza linalotaka haki kwa kila mtu, lakini limeweka bei isiyoweza kulisha fundi na watu wake, limetamka haki kwa kinywa na kuikana kwa mkono. Haki huwa na bei yake, na asiyetaka kuilipa asijisifu kwamba anaipenda.

Baraza lifanye nini?

Sasa yafaa kurudi kwa wazee wa kijiji. Mmoja wao aweza kusema: «Hatukutangaza neno lolote juu ya vijana wala watoto. Je, ni haki kumhukumu mchomaji huyu kwa sharti ambalo hakuambiwa?»

Swali hilo lahitaji kupambanuliwa. Kumlipa mfanyakazi, na kutomtoa mtoto shuleni kwa kazi nzito, ni mambo yaliyokwisha kuamriwa na sheria ya nchi, na kabla ya sheria ya nchi, na dhamiri. Hayahitaji kutangazwa upya. Basi baraza limwite mchomaji wa pili, limuulize mbele ya watu bei yake imetoka wapi, limpe nafasi ya kujitetea, maana huenda amesingiziwa. Akionyesha kwamba anamiliki tanuru bora, au kuni zake ziko karibu, apewe kazi bila manung’uniko. Akikosa jibu, bei yake ikataliwe. Zile faranga 800,000 hazikuwa faida ya kijiji hata siku moja. Zilikuwa mali ya wengine.

Lakini kama baraza lataka jambo lililo juu ya sheria, kama vile vijana wapewe chakula cha mchana, au wajane wa kijiji wapewe sehemu ya kazi, hilo halina budi litangazwe kabla bei hazijaletwa. Hapo kila mchomaji atapiga hesabu yake akijua.

Na mwenye tanuru wa pili asifukuzwe daima. Mwaka ujao akiwa amelipa madeni yake na kuwarudisha watoto darasani, mlango uwe wazi kwake. Sharti jema halikuwekwa ili kumwangamiza mkosaji. Limewekwa ili iwe faida kwake kutenda haki.

Maswali ya kukumbuka

1. Je, bei ndogo ni dhambi?
La. Bei ndogo inayotoka katika bidii na ufundi ni njema. Bei ndogo inayotoka katika mshahara ulionyimwa ni udhalimu.

2. Kwa nini serikali inadaiwa zaidi kuliko mnunuzi wa sokoni?
Kwa sababu inanunua kwa fedha ya wote, ina uwezo wa kuuliza, na ndiyo inayoweka sheria.

3. Je, mnunuzi aweza kuuliza juu ya jambo lisiloonekana katika kitu chenyewe?
Ndiyo. Aweza kuuliza kilifanywa na nani na kwa haki gani, mradi swali lihusu kitu kile anachonunua.

4. Je, yatosha kuandika kwamba atachaguliwa «mtu mwema»?
Haitoshi. Sharti lazima liwe wazi, litangazwe mapema kwa wote, na liweze kupimwa.

5. Mkristu wa kijijini ana sehemu gani katika jambo hili?
Akiwa katika baraza, katika kamati ya shule au ya zahanati, asiogope kuuliza bei imetoka wapi. Akiwa mwenye kazi, awalipe watu wake kabla ya kujisifu kwa bei yake. Na akiwa mlipa kodi, akumbuke kwamba anayetumwa kununua anatumia mkono wake.